Nukta Na. 14, Raskazone

Leo tumepokea viwango vipya.
Kurasa sitini na mbili, jedwali juu ya jedwali,
na mwishoni, kwa herufi ndogo, ombi la upole:
tafadhali futeni namba za zamani.

Feni imekufa tangu Jumanne.
Nimekunja mikono ya shati
nikaanza kuuhamisha mji wa Tanga.

Ngamiani imekwenda kusini mita karibu mia tatu
na barabara zake zote, ya kwanza hadi ya ishirini na moja,
hakuna kikombe kilichotikisika.
Stesheni ya reli imehama bila filimbi.
Bombo imebebwa na wagonjwa wake vitandani,
hakuna aliyemuuliza nesi, "Tunapelekwa wapi?"

Ila Bi Mwanakombo Sechonge.
Huyu alikuja na hati yake ndani ya mfuko wa rambo,
akasimama mlangoni:
"Binti, nasikia mmenisogeza."
Nikamwambia nyumba haikusogea, mama,
kilichosogea ni kipimo.
"Ahaa. Kama kibaba cha dukani.
Mchele uleule, kibaba kingine,
na anayerudi nyumbani na pungufu ni mimi."
Sikuwa na jibu. Nilimpa kiti.

Nikamweleza, kwa sababu alikaa:
dunia si pia iliyochongwa na fundi mzuri.
Inapepesuka. Ncha yake huzurura barafuni
eneo lisilozidi uwanja wa netiboli,
na siku hurefuka, hufupika, kwa vipande vya sekunde
ambavyo upepo huvichukua na chuma cha tumboni hukirudisha,
kisha watu hukaa mezani, nchi na nchi, wakakubaliana
hesabu gani iwe ya wote.
Mwaka mmoja waliongeza sekunde nzima.
Kwetu iliangukia kabla tu ya saa tisa usiku,
sekunde ya sitini, ambayo saa ya ukutani haina pa kuiweka.
Baba alikuwa anakoroma.
Alipewa ya bure, akailala.

Baba yangu, Mhina Shekiondo, mshika mnyororo,
miaka ishirini na sita nyuma ya wapima wa watu.
Daftari lake ninalo. Penseli, mwaka sabini na nne:
*Na. 14. Msumari wa shaba kwenye tumbawe.
Hatua tisa toka kona ya ukuta.
Hauendi popote.*
Akapiga mstari chini ya "popote".

Unakwenda, baba.
Vidole viwili visivyojaa kila mwaka, kaskazini mashariki,
msumari, ukuta, ofisi, kaburi lako,
tangu uandike, urefu wa mtoto wa darasa la pili.
Tanga, wenyewe husema, waja leo waondoka leo.
Tulidhani wasemwao ni wageni.

Ndiyo maana viwango vipya vinadai
kila namba iandamane na tarehe.
Mahali pasipo na siku si mahali.
Nilisoma hapo nikacheka peke yangu,
maana sheria hii sisi tuliipitisha zamani,
bila mkutano, kwa silabi moja:
*po*.
Muulize mtoto, "Ulipoanguka..."
ni wapi, au ni lini?
Atakuonyesha goti.

Alhamisi nimepeleka kipokezi Raskazone,
nikakisimamisha juu ya msumari, miguu mitatu,
saa nne za jua nikingoja setilaiti zikubaliane.
Vijana wawili wameuliza kama ni kamera.
Nikasema ndiyo, inapiga picha ya hapa na leo.
Wakajipanga mbele yake, wakatabasamu.

Nimefuta namba za zamani kama tulivyoombwa.
Daftari sikuligusa kwa kifutio.
Pembeni ya penseli yake, kwa kalamu, nimeweka
namba mpya, tarehe, jina langu.
Kisha nikahesabu tena toka kona ya ukuta.

Kwa miguu yangu, hatua kumi na moja.